Bunge Likinyamaza, Mgonjwa Hulipa

Wahenga walinena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Maana ya methali hii ni bayana: aliyelemewa na maradhi haombwi idhini wala hatajiwi bei, hupikiwa, akapewa. Katika nchi yetu methali hii imepinduliwa juu chini. Mara nyingi mgonjwa anapofikishwa hospitalini, swali linalotangulia si anaumwa wapi, bali ni nani atakayelipa. Likishaulizwa, jamaa zake hugeukia simu zao za mkononi, na shughuli ya kusaka michango ikaanza kabla ya shughuli ya kuusaka ugonjwa. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba hali hii haikuletwa na umaskini peke yake. Imeletwa pia na Bunge ambalo, kwa zaidi ya miongo miwili, limezoea kunyamaza palipohitaji sauti, na hata linaposema, huiacha sentensi katikati.

Tuanze na historia. Taifa hili lilipojinyakulia uhuru mwaka wa 1963, viongozi wetu walitangaza vita dhidi ya maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka wa 1965 ada za wagonjwa wasiolazwa ziliondolewa katika hospitali za umma. Mwaka uliofuata Bunge likaunda Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, ile NHIF ambayo vizazi vya wafanyakazi vilikatwa mishahara kwa jina lake. Kisha upepo ukageuka. Mnamo Desemba 1989, katika enzi ya marekebisho ya kiuchumi yaliyoshinikizwa na wakopeshaji wa kimataifa, serikali ilianzisha mpango wa kugawana gharama kati yake na mgonjwa. Idadi ya waliokwenda kutibiwa ikashuka, baadhi ya ada zikasimamishwa mwaka wa 1990, kisha zikarejeshwa hatua kwa hatua kuanzia 1992. Mwaka wa 2004 ada za zahanati na vituo vya afya ziliteremshwa hadi shilingi 10 na shilingi 20. Mnamo Juni 2013 zikafutwa, na akina mama wakatangaziwa kuwa wangejifungua bila malipo katika hospitali za umma.

Ndugu msomaji, ukiichunguza orodha hiyo kwa makini utang'amua jambo moja. Ada zilipopanda na ziliposhuka, aghalabu haikuwa kwa sheria iliyojadiliwa kifungu baada ya kifungu. Ilikuwa kwa tamko la waziri, kwa waraka wa wizara au kwa hotuba ya rais siku ya sikukuu. Kinachotolewa kwa tamko huweza kuondolewa kwa tamko. Mama aliyejifungua bure mwaka huu hana hakika ya mwaka ujao, kwa kuwa aliyempa hakufungwa na neno lolote ila neno lake mwenyewe. Sheria nayo ina sifa ambayo hotuba haina: humfunga hata yule asiyeipenda. Ndiyo sababu tunawachagua wabunge na kuwalipa mishahara. Kazi yao ya kwanza si kuhutubia mazishini. Ni kuyageuza mahitaji yetu kuwa maandishi yanayoweza kudaiwa mahakamani.

Haitakuwa haki kusema kwamba Bunge halikuwahi kujaribu. Mwaka wa 2004, Charity Ngilu akiwa Waziri wa Afya, Bunge lilijadili na kupitisha Mswada wa Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Afya ya Jamii. Lengo lake lilikuwa kumweka kila Mkenya chini ya bima moja: mwenye mshahara achangie kulingana na pato lake, na asiye na chochote achangiwe na serikali. Waajiri, kampuni za bima na wengine wenye maslahi waliupinga. Wataalamu wa fedha nao walionya kuwa gharama yake ingeilemea nchi. Rais Mwai Kibaki alikataa kuutia sahihi na kuurudisha Bungeni.

Wengi wakisimulia kisa hiki humlaumu Rais, kisha hadithi ikaishia hapo. Mimi naona kwamba hapo ndipo hadithi ilipopaswa kuanzia. Mswada unaporudishwa haujafa. Chini ya Katiba ya zamani, Bunge lilikuwa na njia mbili. Lingeweza kuurekebisha kwa kuzingatia hoja za Rais, au lingeweza kuupitisha tena kama ulivyokuwa iwapo asilimia 65 ya wabunge wangeuunga mkono. Kama gharama ndiyo iliyokuwa kikwazo, basi mjadala ulipaswa kuwa wa gharama: tuanze na nani, tuchangie kiasi gani, awamu ya kwanza ichukue miaka mingapi. Hakuna njia iliyofuatwa hadi mwisho. Mswada ukaachwa ukafifia kama taa iliyokwisha mafuta, na Bunge likageukia mambo mengine. Ilituchukua miaka 19, hadi 2023, kupata sheria nyingine yenye shabaha kama hiyo. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wabunge wetu walivua nguo, wakayatazama maji, wakavaa wakaenda zao.

Labda msomaji atauliza kama nchi maskini ingeweza kweli kuubeba mzigo huo. Jibu lilikuwapo magharibi mwa bara letu. Ghana ilipitisha sheria yake ya bima ya afya mwaka wa 2003, mwaka mmoja tu kabla ya mswada wetu. Haikusubiri itajirike. Ilitenga tozo maalumu ya asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma, ikaielekeza kwenye hazina ya bima. Sitadai kwamba Ghana imefika peponi. Hospitali zake zimewahi kulalamikia malipo yanayochelewa, na wapo raia ambao hawajajisajili. Hata hivyo, palipokuwa na sheria palikuwa na kitu cha kurekebishwa, na mwaka wa 2012 Bunge la Ghana liliirekebisha kwa kutunga sheria mpya. Sisi hatukuwa na cha kurekebisha. Mwenye nyumba inayovuja huweza kupanda juu akaziba paa, lakini asiye na nyumba atapanda wapi?

Mwaka wa 2010 tulijipatia Katiba mpya, na hapo ndipo udhuru wote ulipokoma. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinaongeza kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 21 kinaiagiza dola ichukue hatua za kisera na za kisheria ili haki zilizomo katika Kifungu cha 43 zitimizwe hatua kwa hatua. Naomba tulizingatie neno hilo, za kisheria. Katiba haikuliomba Bunge lifanye hisani. Ililipa kazi. Tangu siku hiyo, kimya cha Bunge katika suala la gharama ya matibabu hakiwezi kuitwa subira. Ni kuacha kazi uliyoapa kuifanya.

Tazama mfano wa wagonjwa wanaozuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni. Mnamo Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya akina mama wawili waliokuwa wamezuiliwa katika hospitali ya umma ya kujifungulia jijini Nairobi kwa kushindwa kulipa. Jaji Mumbi Ngugi alitamka kwamba kuwazuilia kulikiuka Katiba, na akaamuru walipwe fidia. Mahakama ilikuwa imefanya kazi yake. Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi: kuyachukua maneno ya jaji, kuyageuza kuwa kifungu chenye adhabu, na kuonyesha ni wapi hospitali itakapopata fedha zake kama mgonjwa hana. Miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya 2017. Sheria hiyo ina mema mengi, yakiwemo masharti kuhusu matibabu ya dharura. Lakini ukiisoma ukitafuta katazo la kuzuilia wagonjwa na maiti kwa sababu ya deni, utafika ukurasa wa mwisho mikono mitupu. Jaji alikuwa amewaonyesha wabunge mlango, na ulikuwa wazi. Walipita kando.

Nasema wagonjwa na maiti, kwa kuwa sote tunajua yanayotendeka. Katika jamii zetu maiti haifungiwi chumbani kama dhamana ya mkopo. Kuzika ni wajibu unaotangulia madeni yote. Familia inayonyimwa maiti yake hulazimika kuuza ng'ombe, kisha kipande cha shamba, na watoto waliobaki hurithi umaskini pamoja na uyatima. Hospitali nayo si adui wa kulaumiwa peke yake. Ina wauguzi wa kulipa na dawa za kununua. Sheria inapokosa kusema deni la maskini litalipwa na nani, hospitali na familia huachwa zivutane juu ya kitanda cha mgonjwa.

Je, Bunge halikuvunja kimya chake mwaka wa 2023? Swali hili ni la haki na linastahili jibu la haki. Mnamo Oktoba 19, 2023, sheria nne za afya zilitiwa sahihi kwa mpigo: ya Bima ya Afya ya Jamii, ya Huduma za Afya za Msingi, ya Afya ya Kidijitali na ile ya Fedha za Kuimarisha Vituo vya Afya. NHIF ikaondolewa, na kuanzia Oktoba 1, 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, maarufu kwa jina la SHA, ikashika hatamu. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya pato lake. Familia isiyo na mshahara hupimwa uwezo wake, na haitozwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Zipo pia hazina tatu: ya huduma za msingi, ya bima yenyewe, na ya dharura na maradhi sugu. Kwenye karatasi, huu ni mpango mpana kuliko wowote tuliowahi kuwa nao. Kukataa kulikiri hilo ni choyo.

Pamoja na hayo, sentensi iliachwa katikati. Mnamo Julai 2024 Mahakama Kuu ilizikosoa sheria tatu kati ya hizo, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikatoa siku 120 za kuzirekebisha. Wakati huo wabunge wangeweza kurudi kwa wananchi, wakasikiliza, wakaziba nyufa. Njia iliyochukuliwa ikawa ya rufaa, na baadaye mwaka uo huo Mahakama ya Rufaa ikaruhusu utekelezaji uendelee. Nyufa zikaingia kazini pamoja na sheria.

Ufa wa kwanza ni wa hazina ya dharura na maradhi sugu. Hazina hii ndiyo inayopaswa kumkinga mgonjwa wa saratani au wa figo pindi kiwango cha bima kinapomalizika. Fedha zake hutegemea mgao ambao Bunge huidhinisha kila mwaka. Sheria haikuweka kiwango ambacho mgao huo hautashuka chini yake. Kwa hiyo haki ya mgonjwa wa saratani huamuliwa upya kila Juni, ikishindana na barabara, mishahara na madeni ya taifa. Tukumbuke kwamba mwaka wa 2001 nchi za Afrika, Kenya ikiwemo, ziliahidi mjini Abuja kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Ahadi ni deni, na deni hili halijalipwa.

Ufa wa pili unamhusu mchochole asiye na mwajiri. Kanuni za mwaka wa 2024 zinamtaka alipe mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Muuza mboga anayepangiwa kiwango cha chini kabisa hudaiwa shilingi 3,600 kwa mkupuo, ilhali faida yake huja kwa makumi ya shilingi, jioni kwa jioni, baada ya nauli na unga. Wengi hupangiwa zaidi ya hapo. Mwaka wa 2025 serikali iliziba ufa huu kwa mpango wa mkopo wa kulipia mchango pole pole. Sasa maskini anakopa ili alipe bima, ili ugonjwa usimlazimishe kukopa. Dawa iliyo rahisi zaidi ingekuwa kuibadilisha kanuni, ili mchango wa mtu asiye na mshahara ulipwe kwa mwezi au hata kwa juma. Kanuni zote za mawaziri hupelekwa Bungeni, na Bunge lina mamlaka ya kuzibatilisha. Hapa hatuhitaji mapinduzi. Tunahitaji wabunge wasome karatasi zilizo mezani pao.

Kwa nini hawasomi? Wahenga walishajibu: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mbunge ana bima ya matibabu inayogharamiwa na fedha za umma, yeye na familia yake. Hajawahi kuketi kwenye benchi la hospitali ya wilaya akihesabu noti. Lakini ipo sababu nyingine ambayo sisi wenyewe tumeshiriki kuijenga. Tumeigeuza harambee, ambayo ni tunu ya utamaduni wetu, kuwa mahali pa sheria kujificha. Tazama mbao za matangazo katika vyuo vyetu: baina ya ratiba za mitihani na matangazo ya vyumba vya kupanga, hakosekani mwanafunzi anayeomba mchango wa kumtibu mzazi wake. Tunachanga, na twafanya vyema. Mheshimiwa naye hufika kwenye mchango akiwa na bahasha, akashangiliwa, akapigwa picha. Hakuna anayemwuliza alivyopiga kura bajeti ya afya ilipojadiliwa.

Hapo ndipo penye fundo. Bahasha humletea mbunge shukrani ya mtu anayemjua kwa jina. Sheria nzuri huwaokoa maelfu wasiojua aliyewaokoa. Madhali tunamshukuru kwa bahasha na hatumdai sheria, atazidi kutuletea bahasha. Wanafunzi wa fasihi tunaijua hali hii. Katika tamthilia ya Mstahiki Meya ya Timothy Arege, iliyowahi kuwa kitabu teule cha KCSE, hospitali ya mji wa Cheneo haina dawa huku kiongozi wa mji akishughulika na anasa na wageni. Maelfu ya vijana waliijibia maswali katika mtihani. Wengi wao leo ni wapiga kura. Haitufai kitu kuijadili sifa ya Meya katika insha, kisha tukampigia makofi tunapokutana naye uwanjani.

Kwa upande wetu sisi wana Kiswahili, liko jukumu ambalo hakuna atakayetufanyia. Sheria zile nne za 2023 ziliandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Mwendesha bodaboda wa Kitale na mvuvi wa Lamu hukatwa fedha, hupimwa uwezo wao, na huambiwa hili limo na lile halimo katika bima yao, kwa maandishi wasiyoweza kuyasoma. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 120 kinakiruhusu Bungeni. Haiwezekani kuwashirikisha wananchi kwa lugha isiyowafikia. Tunazo idara za tafsiri katika vyuo vikuu vyetu. Tunao wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Wachache miongoni mwetu wakizitafsiri sheria hizi kwa Kiswahili sanifu na chepesi, tutakuwa tumeifanyia lugha hii huduma kubwa kuliko makongamano kadhaa ya kuisifu.

Tunachopaswa kulidai Bunge hakihitaji ufasaha mwingi. Mosi, lipitishe kifungu cha wazi kinachofanya kuwa kosa kumzuilia mgonjwa au maiti kwa sababu ya deni, pamoja na utaratibu wa kuilipa hospitali iliyomtibu asiyejiweza. Pili, liweke katika sheria kiwango ambacho mgao wa hazina ya dharura na maradhi sugu hautashuka chini yake. Tatu, lirekebishe kanuni za michango ili asiye na mshahara alipe kwa mwezi kama alipavyo mwenye mshahara. Nne, lihakikishe kuwa kila mswada wa afya unachapishwa kwa Kiswahili kabla ya wananchi kuitwa kutoa maoni. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji Katiba mpya wala tume ya uchunguzi.

Kuna watakaosema tusubiri uchumi uimarike. Tulisubiri tangu 2004. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika miaka hiyo 19 kuna matumbo yaliyouma yakanyamaza kabisa. Kwa hiyo, msomaji mpendwa, mheshimiwa atakapofika tena kijijini kwenu na bahasha ya kumchangia mgonjwa, ipokeeni, kwani mgonjwa ana haja nayo. Kisha, kabla hajaingia garini, mwulizeni mbele ya watu alipigaje kura bajeti ya afya ilipofika mbele yake, na hazina ya dharura ilitengewa shilingi ngapi.